Mnyamwezi, Mtani Wake na Sindano ya Madagaska

Jumatatu, 1 Juni

Tunakwenda Madagaska! Siyo ndoto. SACCOS ya walimu imemtangaza mke wangu Stellamaris kuwa mwekaji bora wa mwaka, na zawadi yake ni safari ya wiki moja kisiwani, yeye na mtu mmoja amtakaye. Mtu huyo ni mimi. Kanitaja mbele ya mkutano mzima: Castory, mume wangu. Nilikuwa mlangoni nakula sambusa za wageni waalikwa. Nikameza yote kwa pamoja na kupunga mkono.

Miaka ishirini na mitano ya ndoa. Fungate tuliila kwetu Tabora, kwenye msiba wa shangazi yangu, bibi harusi akisonga ugali wa ukoo mzima. Hakunung'unika hata siku moja. Tangu hapo sijampeleka mbali kuliko Morogoro, na Morogoro yenyewe tulifuata cheti. Sasa nitakaa naye kwenye ndege, bega kwa bega, yeye dirishani. Hilo tu ndilo nalitaka. Bahari, hoteli, wawape wengine.

Jioni nikatangaza kwamba maandalizi yote yako chini yangu: afya, lugha na fedha. Mimi ni mtu wa masjala ya halmashauri, kupanga mambo ndiyo kazi yangu. Stellamaris akauliza kwa nini tusifuate tu kijikaratasi tulichopewa na wakala wa safari. Nikakisoma. Damu ikanichemka!

Kinaitwa Maandalizi ya Kwenda Nchi za Joto. Kinanionya kwamba niendako kuna jua. Kuna mbu. Nitaona watu wanauza matunda kando ya barabara, nisistuke. Wenyeji ni wachangamfu, wakinisalimia nisiogope. Wenyeji si ndio sisi? Nimezaliwa na mbu, nimekua na mbu, naishi Kibaha ambako mbu wa Ruvu wananijua kwa jina. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wa theluji huko, mtu akatafsiri akiwa nusu usingizini, sasa mimi nafundishwa kuvaa kofia!

Na chini kabisa: kila msafiri achomwe sindano ya homa ya manjano, zisipungue siku kumi kabla ya kuondoka, apewe kadi. Hakuna kadi, hakuna ndege. Kadi zifike kwa katibu wa SACCOS, Madam Marselina, Jumatatu tarehe 15 kabla ya saa nne asubuhi. Tunaondoka tarehe 27.

Siogopi sindano. Naomba hilo lieleweke. Napinga utaratibu tu.

Jumanne, 2 Juni

Nimekwenda kituo cha chanjo nikiwa na hoja. Begani nina kovu la chanjo, pana, la heshima, nililipata nikiwa mtoto. Nikamwonyesha nesi, binti mmoja anaitwa Nuria, nikamweleza kistaarabu kwamba mwili huu Serikali ilishauchanja, yeye aandike kadi tu tuokoe dawa.

Akasema kovu lile ni la kifua kikuu. Nikamwuliza amejuaje na wakati huo hajazaliwa. Akasema watu wote wanalo, yeye analo, hata mlinzi wa getini analo. Akamwita mlinzi! Mlinzi akapandisha mkono wa shati. Waliokaa kwenye benchi nao wakaanza kufunua mabega, mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi kizee wa mwisho. Nimedhalilika sana.

Nesi Nuria akanikaribisha kiti na kuanza kuchana pakiti. Hapo nikakumbuka ghafla kwamba nimeliacha gari linanguruma nje. Nikamwomba radhi, nikatoka kwa haraka. Nilishafika Maili Moja ndipo nilipokumbuka kwamba sina gari.

Lakini mtu wa mipango hakosi mpango. Duka la dawa, plasta moja, mkono wa kushoto. Stellamaris alipoiona, uso wake ulichanua. Akasema hakutegemea, akanipa paja la kuku, akanikatalia kunyanyua ndoo. Kadi je? Nikamwambia mhuri wao umeharibika, kadi zitatoka baadaye. Mke wangu ni mtu mwema. Nililala vizuri mno.

Alhamisi, 4 Juni

Fedha. Nimepita duka la kubadilisha fedha pale Dar. Wananunua kwa bei hii, wanauza kwa bei ile, katikati mtu amevaa tai na anakenua. Wizi mchana kweupe, na risiti wanakupa! Castory haibiwi kwa risiti.

Mpango wangu: korosho. Sibadilishi hela, nabeba kiroba cha korosho za Kisarawe, nawauzia watalii ufukweni, wananilipa kwa hela ya kule kule. Sijui kwa nini wengine hawajaliona hili.

Tatizo ni kwamba korosho nzuri zinakaangwa Msimbu na Bibi Mwanajuma, na Bibi Mwanajuma ni mama yake Pazi. Pazi ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, ana duka la vifaa vya ujenzi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani! Maana yake anaweza kunizodoa mbele ya wageni wangu, akaingia jikoni kwangu akafunua sufuria, akanivua kofia akaondoka nayo, na mimi natakiwa nicheke. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika unatozwa faini ya jogoo. Ndiyo sababu naandika shajara hii. Hapa ndipo mahali pekee ninapokasirika bure.

Nikamwagiza kiroba kizima. Ameleta nusu. Nyingine kaichukua yeye, eti ni hongo. Wanyamwezi wote waliopita Uzaramoni na misafara yao walilipa hongo kwa wenye nchi, na yeye haoni kwa nini mimi nipite bure. Nikacheka. Nimecheka mpaka taya likaniuma kwa hasira.

Kama hiyo haitoshi, jioni akaja na mkewe Mwanaasha kutusalimu, wakakaa sebuleni wakala nusu iliyobaki. Nikacheka tena. Mwanaasha akasimulia alivyochomwa sindano hiyo hiyo ya homa ya manjano mwaka jana alipokwenda Umra na kaka zake. Kadi anayo, inadumu maisha. Sindano yenyewe anasema ni kama kuumwa na siafu mmoja. Pazi akaiangalia plasta yangu, akaiangalia tena, akachukua konzi ya mwisho ya korosho.

Jumamosi, 6 Juni

Lugha. Madagaska wana lugha yao, na Kifaransa wanakijua. Stellamaris anajifunza kwa simu kila jioni akiosha vyombo, na Mwanaasha anamsikiliza na kurudia. Simu! Lugha haifundishwi na simu. Lugha inataka mwalimu aliyeishi na wenye lugha.

Nimempata. Mzee Jabiri wa Vihingo, zamani alikuwa utingo wa malori ya Lubumbashi. Ada hataki, anataka tu nimsaidie shamba la mihogo wakati tunaongea. Nikaona nimemzidi akili. Nikapanda bodaboda ya Ashrafu kutoka Kibaha, kupitia Kiluvya, vumbi mpaka kwenye ulimi.

Nimepalilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Mzee Jabiri alikaa kivulini akifundisha. Kifaransa chake chote ni cha barabarani. Najua sasa kusema tairi limepasuka. Najua kusema karatasi ziko kwa dereva. Najua kusema dereva amekwenda kula. Nikamwomba salamu. Akafikiri sana, akasema kule hawakuwahi kuwasalimia, wakiwaona tu wanaanza kuwadai.

Tukaja kwenye hesabu. Tulipofika saba akanyamaza. Nikamwuliza nane. Akasema malori yao hayakuwahi kuzidi saba.

Niliporudi nyumbani, viganja vimechubuka, Stellamaris akanisalimia kwa Kifaransa. Kwa ufasaha! Nikamjibu kwamba dereva amekwenda kula.

Jumatatu, 8 Juni

Leo Stellamaris kachomwa yake. Alikwenda mwenyewe baada ya kusimamia mitihani, hakuaga mtu, hakufanya sherehe, kanirudia na kadi mkononi. Ya njano kweli. Aliiweka juu ya kabati pembeni ya picha ya harusi yetu, akasema hapo pembeni ataiweka yangu. Halafu akauliza plasta yangu imehamiaje mkono wa kulia.

Nikamweleza kwamba dawa inazunguka mwilini. Akasema kesho kutwa atanisindikiza tukaidai kadi yangu pamoja, maana mhuri wa Serikali hauwezi kuugua hivyo. Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu.

Mke ananifuatafuata namna hii, ningeweza kukasirika. Lakini alikuwa ananikanda bega kwa maji ya moto wakati anasema.

Jumatano, 10 Juni

Ni asubuhi, nanyoa ndevu, mara wazo limekuja. Nimejikata kidevu kwa furaha!

Tafakari. Nikifa mimi, nani atapita katikati ya waombolezaji akiwachekesha? Pazi. Nani atalala mbele ya jeneza langu akidai halitoki mpaka alipwe? Pazi. Mambo mazito ya mwili wa mtu, kwa mila zetu, ni ya mtani wake. Basi na sindano ni ya mtani! Akachomwe yeye kwa jina langu. Hakuna Mzaramo mwenye adabu atakayekataa, ni kama kukataa kuzika.

Nikavuka ukuta kabla chai haijapoa. Pazi alikuwa anapima misumari. Nikamweleza mila. Nilitegemea ubishi, lakini hakubisha hata kidogo. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema kweli kabisa, mtani ndiye mtu wa shida, akaomba pasipoti yangu na ada ya kituo. Nikampa vyote. Machozi yalinilengalenga. Nimemwandika vibaya mtu huyu humu ndani kwa miaka.

Stellamaris nikamwambia tusiende, kadi inaletwa.

Ijumaa, 12 Juni

Nayafuta yote niliyoandika juzi!

Pazi kaenda kituoni. Kakaa kwenye kiti. Katoa pasipoti yangu, na Nesi Nuria kaifungua, kaangalia picha, kamwangalia Pazi, kaangalia tena picha. Mlinzi akachungulia begani kwake na kusema huyo pichani ni yule mzee wa gari linalonguruma. Wakacheka kituo kizima. Pazi naye akacheka, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akachomwa kwa jina lake mwenyewe, kwa ada yangu! Sasa ana kadi. Pazi! Mtu ambaye hajavuka hata kwenda Zanzibar! Aliniletea niione. Akaniomba niishike kwa uangalifu, isichafuke.

Nilikasirika. Nakiri, ilinitoka. Nikampigia kelele pale pale dukani, mbele ya mafundi wawili na mteja wa saruji. Pazi akanyanyua kidole, akasema polepole, "Mnyamwezi kakasirika. Mashahidi mpo?"

Faini. Jogoo mmoja, siyo kwake, apelekwe Msimbu kwa mama yake ili wazee waone. Na mpaka jogoo afike, pasipoti yangu ni rehani. Kaifungia kwenye droo ya bawaba na vitasa. Leo Ijumaa. Jumatatu saa nne Marselina anafunga. Huyu mtu anacheza na safari yangu, na mke wangu, na ndege yangu, na mimi natakiwa kucheka!

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa ya kwanza nimenunua jogoo sokoni, mkubwa, mwekundu, mwenye tabia mbaya. Ashrafu alisema bodaboda yake haibebi jogoo asiyefungwa. Nikamfunga. Akajifungua mwenyewe kabla hatujafika Kisarawe mjini. Sitaandika yaliyotokea pale njia panda, kuna watu walipiga picha.

Msimbu nilimwamkia Bibi Mwanajuma shikamoo, akaitikia marahaba huku anacheka tayari. Pazi kishafika na gari lake, kakaa kwenye mkeka na wazee watatu. Jogoo akapokelewa, akachinjwa, akapikwa, na mila inataka anayetozwa faini ale pamoja na waliomtoza. Nilipewa shingo.

Bibi Mwanajuma akataka kusikia kosa. Pazi akasimulia, kwa mikono na kwa miguu, mpaka namna ninavyokimbia. Bibi akajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani, akanigeukia. "Baba, babu zako walibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo," akasema. "Wewe bega lako linashindwa na kijiti cha kuchokolea meno?"

Wazee walilala chini kwa kicheko. Mmoja alikabwa na mfupa, ikabidi apigwe mgongoni. Na mimi nikacheka. Ha ha ha. Matusi kwa ukoo mzima, kuanzia mababu wa misafara, na natakiwa nishukuru kwa shingo ya kuku!

Lakini pasipoti nimepewa. Iko mfukoni mwangu sasa hivi ninapoandika. Pazi akanirudisha na gari lake mpaka mlangoni, na kabla sijashuka akaniambia, bila utani safari hii, kwamba kituo kinafungua saa mbili na yeye yuko tayari kunipeleka. Nikamwambia sihitaji kupelekwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Jeuri gani hii!

Jumatatu, 15 Juni

Saa mbili nilikuwa kituoni. Ushahidi upo, mlinzi alinisalimia na kuuliza gari halijambo. Nilikuwa na pasipoti. Nilikuwa na ada, ya pili. Hakuna wa kunizuia.

Nesi Nuria, nasema ukweli, alikuwa mpole. Hakutaja ya nyuma. Aliniambia nitazame ukutani nifikirie kitu ninachokipenda. Ukutani kulikuwa na picha ya mbu, kubwa kuliko meza. Nani anaweka picha kama hiyo mbele ya mgonjwa? Nikafumba macho. Nikamfikiria Stellamaris dirishani, mawingu chini yake, ananionyesha kitu. Ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha nikahisi ubaridi begani, nikapiga yowe.

Ilikuwa pamba. Pamba tu, ya kusafishia! Mtu anapakwa pamba ya baridi bila kutangaziwa!

Nikasema natoka kidogo nipate hewa. Hewa ya pale nje haikunitosha, nikaifuata mbele zaidi. Nikajikuta nimekaa kwa mama mmoja muuza chai, na pamba bado imening'inia begani. Simu ikaita. Stellamaris. Nikaitazama. Ikaita tena. Ikaita tena. Saa nne ikapita, na kwa dakika kadhaa nilijisikia mwepesi, mzima, kama mtu aliyepona homa. Kisha nikaelewa nilichofanya, na chai ikanishinda.

Nilirudi nyumbani mchana. Alikuwa amekaa sebuleni na nguo zake za kazini. Nikaanza kumweleza: kosa la nesi, kosa la picha ya mbu, kosa la Pazi, kosa la wakala na kijikaratasi chake. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Halafu akasimama, akashika plasta yangu upande mmoja, akaibandua polepole, kwa uangalifu, kama vile chini yake kuna kidonda. Hapakuwa na kitu. Akaikunja, akaiweka mezani.

Angefoka ningejua la kufanya. Kufokewa nimezoea. Hakufoka. Alisema Marselina alimpa mpaka saa nne ataje mtu mwenye pasipoti na kadi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwalimu anayefuata. Alinipigia. Alisubiri mpaka kalamu ya Marselina iko hewani. Akamtaja Mwanaasha.

Mwanaasha! Mzaramo! Nafasi yangu, kiti changu, bega langu!

Baadaye kidogo Pazi akatokeza kichwa juu ya ukuta. Nilijua atasema nini. Akasema, "Hongo." Nikacheka. Sina jogoo mwingine.

Jumamosi, 27 Juni

Tumewasindikiza uwanja wa ndege, Pazi na mimi, kwenye gari la Pazi. Mwanaasha alikuwa na sanduku jipya na baibui la safari. Njia nzima wanazungumza Kifaransa, wao kwa wao, na kucheka mahali ambapo sijui kwa nini wanacheka. Nilijaribu kuchangia tairi limepasuka. Pazi akasimamisha gari kukagua.

Mlangoni Stellamaris aliniambia maharage yako wapi, luku imebaki kiasi gani, na nisisahau kumpigia mwanetu Anselmi kule chuoni. Akanishika bega. Akalishikilia kidogo. Nilitaka kusema jambo, sijui lipi, na mtu wa usalama akasema wasiosafiri warudi nyuma. Wasiosafiri! Mimi ndiye niliyeongoza maandalizi yote!

Akaingia ndani. Akageuka mara moja. Nikapunga mkono, na Pazi akapunga kofia yangu.

Jumanne, 30 Juni

Pazi anakula hapa. Asubuhi, mchana, jioni. Anasema wake zetu wako pamoja, basi na sisi tuwe pamoja, na kwamba mimi ndiye ninayejua kupika. Leo kalalamika chumvi.

Stellamaris amepiga simu. Sauti yake imekuwa ya msichana. Bahari ya kule anasema ina rangi ambayo hajui kuitaja. Wamekula pweza. Jua ni kali kweli, na mbu wapo, na wenyeji ni wachangamfu, wakikusalimia huogopi. Kila kitu kama kilivyoandikwa! Ndege ilipopaa alikaa dirishani, na Mwanaasha alilala njia nzima, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwonyesha mawingu.

Halafu akasema, taratibu, "Baba Anselmi, ungeniambia tu kwamba unaogopa. Ningekuja nikushike mkono."

Nikamwambia simu inakatakata. Haikuwa inakatakata. Nikaikata.

Nimekaa upande wake wa kitanda mpaka wali ukaungua. Kadi yake kaondoka nayo, pembeni ya picha ya harusi hakuna kitu, vumbi tu. Namkumbuka. Namkumbuka mno. Na hasira nilizonazo leo sijui hata nimpelekee nani.

Lakini yaliyopita si ndwele. Kuna habari njema. Marselina ametangaza kwamba mwakani zawadi ni kisiwa cha Morisi, na Stellamaris anaongoza tena kwa akiba, kwa mbali. Safari hii nimejipanga mapema, sifanyi makosa ya watu wengine. Wakala anasema masharti yameongezeka: pamoja na chanjo, kila msafiri lazima atolewe damu ikapimwe, chupa mbili.

Hakuna tatizo. Nimeshaongea na Pazi wakati anamalizia ukoko. Nikamweleza kwamba kwa mila zetu damu ya mtani na damu yangu hazina tofauti, atatoa yeye. Hakubisha hata kidogo. Ameomba tu pasipoti.